UZI: Buyende na tetemeko. Mnabishana zege, mimi naogopa relei

Fundi_Swichi:
Wakuu habari za jioni. Kila wakigusia kinu cha nyuklia kinachopangwa Buyende, Uganda, humu naona ubishi unaenda palepale, mmoja anasema tetemeko likija zege litapasuka tutakwisha sote, mwingine anajibu Buyende iko mbali na Rwenzori hakuna kitu, alafu matusi mpaka usiku wa manane. Mimi kazi yangu ni sabstesheni, paneli za ulinzi na swichigia (makabati ya swichi kubwa za umeme), na kuna kitu wote mnakiruka. Vinu vilivyotikiswa kweli kweli duniani, zege lake limesimama. Kilichosumbua ni umeme. Transfoma, relei (vile vifaa vidogo vinavyotoa amri ya kukata au kuwasha umeme), vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya kule uwanjani, mabetri, na makabati ambayo mtu alifunga bolti mbili badala ya nne akaenda kula.

Kwa nini umeme una uzito hivyo? Kwa sababu kinu ukikizima hakizimiki kama jenereta ya duka. Ile sekunde kinapozimwa bado kinatoa joto kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yake, baada ya saa moja asilimia moja na kitu, kesho yake kama nusu asilimia. Kinu cha megawati 1000 za umeme kina joto la megawati kama 3000, sasa piga hesabu, sekunde ya kwanza una megawati 200 za joto, bwawa la umeme la Isimba zima halifiki hapo, na lazima pampu zizungushe maji kulitoa. Pampu zinataka umeme. Umeme wa gridi ukikatika unataka dizeli, dizeli ikichelewa unataka betri, na hivyo vyote vinapita kwenye swichi na relei. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi wa Buyende ni hili: kabati namba fulani, kwenye chumba fulani, limepimwa mtikisiko wa kiasi gani likiwa linafanya kazi?

Mfano wa kwanza. Kashiwazaki-Kariwa, Japani, Julai 16, 2007, tetemeko la 6.6. Kituo kikubwa kuliko vyote duniani, vinu 7. Walikuwa wamekisanifu kwa mtikisiko mdogo, chini ya kinu namba 1 vyombo vikasoma zaidi ya mara mbili ya ule wa usanifu. Vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vikajizima vyenyewe vizuri. Lakini nje ya kinu namba 3 transfoma ikashika moto, ikawaka kama saa mbili dunia nzima inaangalia kwenye TV. Unajua sababu? Udongo chini ya miguu ya zile njia za nyaya ulizama, jengo la tabaini halikuzama kwa sababu limesimama kwenye msingi wa mwamba, basi kile kiungo cha transfoma kikavutwa, mafuta yakavuja, shoti, moto. Bomba la maji ya kuzimia moto nalo lilikatika. Na mlango wa ofisi ya dharura ukakwama, mle ndani ndimo ilimokuwa simu ya moja kwa moja ya zimamoto 😅

KijanaBuyende:
Mzee asante, lakini huku kwetu watu wanauliza fidia ya shamba kwanza hiyo relei baadaye

Fundi_Swichi:
Haki yenu ndugu yangu, fidia kwanza. Ila nyinyi ndio mtakaa jirani yake, ulizeni yote mawili.

Mwl_Toro:
Naongezea historia kidogo maana vijana wengi hawajui. Machi 20, 1966 tetemeko la Toro na Bwamba liliua watu zaidi ya 100, nyumba zikaanguka Bundibugyo na ng'ambo ya Kongo. Februari 1994 likaja lingine karibu na Fort Portal, ukubwa wa 6 na kidogo. Septemba 10, 2016 Bukoba, 5.9, na huku Rakai watu walitoka nje mbio. Hiyo ni bonde la ufa la magharibi, halijalala. Lakini Fundi kuwa mkweli, Buyende iko kando ya Ziwa Kyoga, kutoka Rwenzori ni kilomita mia tatu na kitu. Usiwatishe watu.

Fundi_Swichi:
Mwalimu shikamoo. Nakubali umbali, na siwatishi. Tetemeko kubwa la Rwenzori likifika Buyende litakuwa limechoka, mitikisiko ya haraka haraka imeshaliwa njiani, inabaki ile ya kuyumba polepole. Ila angalia upande wa pili. Kwanza shirika la kimataifa la nguvu za atomiki linapendekeza hata kama nchi yako imetulia kama maji ya mtungi usisanifu kinu kwa mtikisiko wa chini ya 0.1 g, yaani sehemu ya kumi ya mvutano wa ardhi. Pili, sehemu kubwa ya Uganda ya kati na mashariki imekaa juu ya mwamba mkongwe mgumu. Mwamba mgumu ukipata katetemeko kadogo ka karibu, mtikisiko wake ni wa kasi sana, mara 20 au 30 kwa sekunde. Huo haubomoi nyumba, bibi hata chai haimwagiki, lakini relei inausikia.

Marekani waliliona jambo la mwamba mgumu upande wao wa mashariki, ndio maana walirudi kupima relei kwa kasi kubwa kuliko zamani.

Mama_Mpondwe:
Mwanangu naomba uniambie kitu. Mimi niko Kasese miaka mingi, hapa kutikisika ni kawaida yetu. Lakini mbona kila ikitikisika stima inapotea KWANZA, nyumba zote zimesimama, hakuna hata sahani imevunjika, giza?

Fundi_Swichi:
Mama swali lako ndilo uzi wote huu. Sababu ziko kama tatu hivi. Ya kwanza nyaya, zikibembea zinagusana, breka (swichi kubwa ya kukata umeme) inakata. Ya pili vikombe, ile kauri ya sabstesheni ni ngumu kama jiwe lakini haipindi, na imebeba kitu kizito juu, ikiyumba inapasuka kwenye shingo. Ya tatu ndiyo mimi huwa naipenda, transfoma kubwa ina kifaa kinaitwa Buchholz, kinakaa kwenye bomba kati ya tangi na kopo la mafuta la juu, kazi yake ni kunusa gesi au mafuta yanayokimbia kama ndani kuna shoti. Sasa ukitikisa transfoma mafuta yanacheza, kile kielea kinapanda kinashuka, na zile za zamani zenye zebaki ndani zebaki inaruka inaunganisha, kifaa kinasema "kuna shoti!" kinakata. Hakuna shoti. Transfoma ni nzima kabisa, imezimwa na mlinzi wake.

Na hii imetokea kwenye kinu cha nyuklia sio hadithi. North Anna, Virginia, Agosti 23, 2011, tetemeko la 5.8, kinu kiko kama kilomita 18 tu kutoka kitovu. Umeme wote wa nje ukapotea. Walipochunguza wakakuta ni relei za shinikizo za transfoma, ndugu yake Buchholz, zilishtuka kwa mtikisiko. Dizeli nne zikawaka zote, dakika 49 baadaye moja ikazimwa kwa sababu maji ya kupozea yalivuja, wakaweka ya akiba. Mtikisiko ulizidi usanifu wao na bado kinu hakikuvunjika kitu cha maana, hata yale mapipa makubwa ya kuhifadhi mafuta yaliyotumika yalisogea inchi chache tu kwenye sakafu. Lakini fikiria, kituo chenye vinu viwili kimepoteza gridi kwa sababu ya kifaa unachoweza kukishika mkononi.

Eng_Kireka:
Fundi unaongelea vitu vya babu. Relei zenye vyuma vinavyocheza ziliisha, siku hizi ni dijitali, programu tu, tetemeko litaitikisa programu? 🤣

Fundi_Swichi:
Eng karibu. Fungua hiyo relei yako ya dijitali kwa nyuma. Uamuzi ni wa programu sawa, lakini wa kutoa amri kwa breka ni nani? Ni karelei kadogo ka chuma kwenye bodi, kana springi na kontakti kama babu yake. Alafu kadi zimechomekwa kwenye soketi, zisipobanwa vizuri zinachomoka nusu. Ni ngumu zaidi ya zile za zamani nakubali, ila zinapimwa hivyohivyo, na kabati limezibeba ndilo lilelile la bati.

Hebu niwaeleze relei maana hapa ndipo utamu ulipo. Relei ya kawaida ina koili, ina mkono wa chuma, ina springi. Ikiwa imepata umeme koili inaushika mkono kwa nguvu, ngumu kuitikisa. Ikiwa haina umeme ile kontakti iliyofungwa inashikwa na springi peke yake. Hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiitikisa inafunguka inafunga inafunguka, jicho halioni. Kwenye meza ya majaribio kipimo ni milisekunde 2, kontakti ikibadilika zaidi ya hapo imefeli.

Utasema milisekunde 2 ni nini. Kama sakiti ni ya taa ya onyo, si kitu. Lakini kuna sakiti zinazojishikilia, ukigusa mara moja zinabaki zimeshika. Mafundi wenzangu mnaijua relei namba 86, ile ya kufungia. Relei ya tofauti ya mkondo kwenye jenereta ya dizeli ikitetemeka milisekunde tano, inaipigia 86, 86 inaruka, ile mpini yake inageuka, breka ya dizeli inakatwa na kuzuiwa isirudi. Tetemeko limeisha, kila kitu kizima, dizeli inanguruma au inakataa kuwaka, na umeme hauingii mpaka MTU atembee mpaka kwenye lile kabati ageuze mpini kwa mkono wake. Gizani, baada ya tetemeko, kengele mia zinalia. Kwa hiyo anayetathmini hamalizi kwa kuuliza relei inavumilia kiasi gani, anafuata mchoro wa sakiti waya kwa waya aone ikichezacheza itasababisha nini, na je kuna mtu ana muda wa kwenda kuirudisha. Relei mbovu kwenye sakiti isiyo na madhara unaiacha. Relei nzuri kwenye 86 ya dizeli unaikagua mara mbili.

Jirani_Bukoba:
Hii somo tamu jamani. Sasa wanajuaje kila kitu kinavumilia kiasi gani, wanatikisa kinu kizima??

Fundi_Swichi:
Hapana jirani, kinu kizima hakitikisiki. Njia ziko kadhaa na hakuna moja inayotosha.

Kifaa kipya kinafungwa kwenye meza ya kutikisa, kinawashwa, kinatikiswa huku kinafanya kazi. Mitikisiko mitano ya wastani kwanza, kama ile ambayo kituo kinaweza kukutana nayo maishani, alafu mmoja mkubwa wa mwisho. Na kabla ya hapo kifaa kinazeeshwa kwa joto na kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, kwa sababu tetemeko halichagui siku kifaa kikiwa kipya. Betri hapa zimetoa funzo, ile ya risasi ikiwa mpya unaitikisa inacheka, ikishazeeka sahani zake zimekuwa kama biskuti zinavunjika ndani, nje huoni kitu, volti unapima ziko sawa, ukiidai mkondo mkubwa inakufa.

Kitu kingine, mtikisiko wa kifaa sio ule wa ardhi. Ardhi inatikisika, jengo linauzidisha, ghorofa ya juu inapata zaidi ya ya chini, alafu kabati lenyewe la bati linauzidisha tena, relei iliyofungwa katikati ya mlango mwembamba inapata mara kadhaa ya ile iliyofungwa kwenye fremu. Wauzaji wengine wanakuletea cheti cha relei peke yake. Muulize, ilipimwa ikiwa kwenye mlango gani?

Njia ya pili ni ya kumbukumbu. Marekani miaka ya 80 walikuwa na vinu vya zamani vilivyojengwa kabla ya hayo majaribio, huwezi kung'oa kila kabati ukaipeleke maabara. Mwaka 1982 makampuni ya umeme yakaungana, yakaenda kuangalia vituo vya kawaida na viwanda vilivyopigwa na matetemeko halisi, San Fernando 1971, Chile 1985, kwingine, wakauliza kipi kilisimama na kipi kilianguka. Wakagawa vifaa makundi 20. Jibu lilishangaza wengi, makabati, mota na pampu vikifungwa vizuri chini vinavumilia sana. Visipofungwa, vinasafiri.

Njia ya tatu ni miguu na tochi.

Mhasibu_Entebbe:
Miguu na tochi? Endelea usituache hapo

Fundi_Swichi:
Ndiyo, watu wawili watatu, mmoja wa majengo mmoja wa umeme, wanatembea chumba kwa chumba. Mwaka fulani nilifuatana na ukaguzi wa namna hiyo kwenye kituo cha kawaida cha umeme, sio nyuklia na sitakitaja, jamaa akapiga magoti mbele ya safu ya makabati akamulika chini. Kabati la kwanza bolti nne. La pili nne. La tatu kuna tundu nne na bolti moja, na hiyo bolti ukiigusa kwa kidole inazunguka, haikushika kwenye zege, mtu alimwaga rangi ya kijivu juu yake ikaonekana nzuri. Kati ya la tatu na la nne pana nafasi ya upana wa penseli. Akasema hapa ndipo pabaya, makabati yasipounganishwa na yakiachana kidogo hivi yanagongana, na kila mgongano unaingia kwenye relei kama nyundo. Ama yashikane ama yaachane kabisa.

Kisha anaangalia JUU na PEMBENI. Taa imening'inia kwa cheni juu ya betri. Mtungi wa gesi umeegemezwa. Ngazi ya magurudumu. Na ukuta wa matofali uliojengwa baadaye kutenganisha chumba, hauna nondo, uko futi mbili kutoka kwenye betri. Betri yenyewe inaweza kuwa na cheti cha dhahabu, ukuta ukiilalia cheti hakisaidii. Hapo hakuna kompyuta itakayokuambia, ni macho.

Eng_Kireka:
Sawa sawa, lakini mwisho wa siku wanataka namba. Wewe unaongea hadithi, mdhibiti anataka namba.

Fundi_Swichi:
Namba ipo Eng. Kila kifaa kinapewa kiwango cha kati, yaani mtikisiko ambao nafasi ya kufeli ni nusu kwa nusu. Alafu kunawekwa upana wa mashaka, sehemu moja ni kwa sababu matetemeko hayafanani, sehemu nyingine ni kwa sababu sisi hatujui vya kutosha. Kutoka hapo unashuka mpaka kiwango ambacho unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba nafasi ya kufeli haizidi asilimia 5. Ukiwa na mashaka ya kawaida, 0.4 hivi kwa kipimo chao, kabati la kiwango cha kati 1.0 g linakupa kama 0.39 g ya uhakika. Vikombe vya uwanjani mara nyingi wanavipa kiwango cha kati cha 0.3 g tu, uhakika wake unaangukia karibu 0.1 g. Sasa unaona kwa nini kila hesabu ya usalama wa kinu inaanza kwa kusema "gridi imekwenda". Hawabahatishi, wanajua kauri.

Fukushima wote mnakumbuka wimbi. Lakini kabla ya wimbi, kwa dakika kama 50, tetemeko peke yake lilishaondoa umeme wa gridi, breka za uwanjani zimevunjika, mnara mmoja umebebwa na maporomoko. Dizeli zikawaka vizuri. Wimbi ndilo likaja kuzima, kwa sababu swichigia na mabetri mengi yalikuwa vyumba vya chini. Na kituo kingine cha huko Japani, Onagawa, ambacho kilikuwa karibu zaidi na kitovu kilinusurika, laini moja ya nje kati ya tano ilibaki. Hata hivyo nako swichigia ya kinu namba 1 iliwaka moto, breka za kuning'inia zilibembea zikapiga shoti. Umeme tena.

Mwl_Toro:
Na hapa Afrika je? Kinu cha Koeberg, Afrika Kusini, wanafanyaje?

Fundi_Swichi:
Koeberg mwalimu wamefanya akili, kile kinu kimekalia mito ya mpira yenye sahani za kuteleza, kilisanifiwa kwa 0.3 g, kimeanza umeme 1984. Ardhi ikienda huku jengo linachelewa kwenda, vifaa vya ndani vinapata mtikisiko wa polepole ambao relei haiujali. Sio bure lakini, kila bomba na kebo inayovuka kutoka ardhini kuingia jengo linaloteleza lazima iwe na ulegevu wa kutosha, la sivyo unarudia yale ya transfoma ya Kashiwazaki. Buyende kama wataenda njia hiyo au la itategemea muuzaji, serikali ilisema mwanzoni megawati 2000, 1000 za kwanza zikilengwa 2031, na kila muuzaji ana kinu chake cha katalogi. Mimi ningekuwa kwenye baraza la atomiki ningedai tukague makabati kabla hayajatoka kiwandani, na tena baada ya kufungwa. Banange, kifaa kinapimwa Ulaya au Asia kikiwa kimefungwa bolti sita, kinafika hapa kinafungwa na kontrakta mdogo wa kontrakta mdogo.

KijanaBuyende:
Huyo kontrakta mdogo ni shemeji yangu 😂😂

Nesi_Kabarole:
Samahani mimi siko kwenye nyuklia. Niko zahanati upande wa Fort Portal, tuna inveta na betri 8 za sola kwa friji ya chanjo, ziko kwenye rafu ya chuma ya ngazi mbili. Kwa haya uliyosema nimeingiwa na wasiwasi. Nifanyeje bila bajeti?

Fundi_Swichi:
Dada usiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya nusu siku. Betri zote zishuke ngazi ya chini kama zinaenea. Kati ya betri na betri weka ubao mwembamba au povu gumu zisigongane, alafu zungusha fremu ya mbao au chuma nje zisitoke. Nyaya za kuunganisha zisiwe zimevutwa kama kamba ya gitaa, acha ulegevu, kichwa cha betri kikivutwa kinavunjika. Rafu ifungwe na bolti. Na inveta iliyo ukutani angalia imeshikwa na skrubu ngapi.

Nesi_Kabarole:
Asante sana kaka. Rafu tuifunge ukutani? Ukuta wa nyuma ni matofali ya udongo na una ufa tangu zamani.

Fundi_Swichi:
Huo ukuta usiuguse. Funga sakafuni, bolti nne, moja kila mguu, na ukiweza isogeze rafu mbali na huo ukuta, umbali sawa na kimo cha ukuta kama nafasi ipo. Friji nayo hivyohivyo. Nitumie picha inbox kabla fundi hajatoboa.